Kliniki, nyumbani, kikundi au shule? Kumchagulia mtoto njia ya mazoezi hapa Malindi

Mtoto wetu ana miaka 9 na kilo 22. Naanza na kilo kwa sababu ndizo zilizotubadilishia mipango mara nyingi kuliko daktari yeyote. Alipokuwa na kilo 8 nilimpakata kwenye tuktuk, mkoba begani, na safari ya hospitali haikuwa na neno. Sasa sharti dereva ashuke anisaidie kumwinua, na si kila dereva hushuka.

Mimi ni shangazi yake. Ana mtindio wa ubongo: miguu inakaza, shingo ilichelewa kushika, maneno yake ni ya kuhesabu, lakini macho yake hayapitwi na habari. Kakangu anafanya kazi mbali na wifi yangu ana wadogo wawili, basi familia ikakaa kikao, ikaonekana mtoto akae kwangu mtaa wa Barani, karibu na hospitali. Nyumbani tunamwita Mzee, maana tangu utotoni hapendi kuharakishwa.

Tumepita njia nne: kliniki ya hospitali ya serikali, mtaalamu wa kuja nyumbani, kikundi cha wazazi, na kitengo maalumu cha shule. Wazazi hunisimamisha sokoni kuniuliza ipi iliyomfaa Mzee. Kila moja ilimfaa kwa wakati wake, na moja ilikaribia kutuvunja kabisa. Kwa hiyo nimeziweka mezani zote nne, nizipime kwa mizani zile zile.

Kwanza, ujue unatafuta nini

Neno "mazoezi" linaficha kazi tatu. Kuna fizio, anayeshughulika na mwili: kukaa, kusimama, kutembea, kuzuia viungo visikauke. Kuna wa tiba ya shughuli, ambaye wengi tunamwita okupesheno: kula, kuvaa, kushika, kucheza. Na kuna wa usemi, ambaye huangalia pia mtoto anavyomeza, wala si maneno peke yake. Huyu wa tatu ni adimu nchi nzima, kwa hiyo ukimpata usimwache aende kabla hajakuonyesha la kufanya ukiwa peke yako.

Watoto nao hawafanani. Mwenye mtindio wa ubongo ana jeraha la ubongo lililopatikana kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye: kukosa hewa, manjano makali yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe halizidi, ila mwili unaokua juu yake hubadilika. Misuli hufupika, nyonga huweza kutoka mahali pake polepole bila mtu kujua. Mwenye usonji, yaani autism, anaweza kuwa na miguu ya kupanda mnazi, na kazi yake yote iko kwenye mawasiliano, mchezo na kelele zinazomtesa masikioni. Mwenye hali ya kuzaliwa iitwayo Down huwa na misuli laini, na moyo wake lazima uangaliwe mapema.

Kabla ya njia yoyote, mtoto apimwe masikio na macho. Mtoto asiyesikia akifundishwa kutamka miezi sita, mmechoka bure wote wawili. Kama ana kifafa, dawa zitangulie mazoezi, na zisikatizwe ghafla kwa sababu "siku hizi haanguki".

Watafiti wa Kilifi waliozungumza na wazazi wa pwani kuhusu usonji walisikia majini, uchawi na laana zikitajwa sambamba na matatizo ya uzazi na maradhi. Sishangai. Mzee naye amesomewa dua, na sijutii. Ninayemkimbia ni muuzaji wa dawa ya "kufungua ubongo" ambaye bei yake hupanda kadiri unavyolia.

Mizani tano

*Saa.* Usihesabu mtaalamu anamwona mara ngapi. Hesabu mtoto mwenyewe anafanya kazi kiasi gani. Nusu saa kila wiki ni saa 26 kwa mwaka mzima. Dakika 10 mara nne kwa siku, nyumbani, ni zaidi ya saa 240.

*Pesa.* Ada, nauli, chakula cha njiani, na kibarua kilichokupita siku hiyo.

*Ujuzi.* Mtaalamu akihama kesho, mikononi mwako kumebaki nini?

*Uzito.* Njia hii itawezekana akifika kilo 40?

*Mlezi.* Mgongo wako, usingizi wako, na wale watoto wengine wanaokutazama ukitoka kila Jumanne.

Kliniki ya hospitali ya serikali

Hapa Malindi ni hospitali ya kaunti ndogo, na mambo makubwa zaidi hupelekwa Kilifi au Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, kilomita kama 120 kutoka hapa.

*Saa.* Ni chache. Foleni ni ndefu, na mtaalamu ana watu wa ajali, wa kiharusi, wa mgongo, kisha watoto. Nusu saa ukiipata, umepata.

*Pesa.* Ada ni ndogo ukilinganisha na binafsi, lakini nauli ndiyo inayouma. Tuseme tuktuk ni shilingi 150 kwenda na 150 kurudi: kwa wiki nne ni 1,200, kabla hujanunua maji. Jiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, kisha uulize dirishani mapema kama huduma unayoiendea inalipiwa. Usingoje kuulizia ukiwa umeshampakata mtoto.

*Ujuzi.* Hapa inategemea sana uliyempata. Katika hospitali moja niliyowahi kwenda, mtoto alichukuliwa ndani, mlango ukafungwa, nikarudishiwa akilia, sikujifunza chochote. Kwingine, kijana wa fizio alinitazama nikimvalisha Mzee suruali, akacheka kidogo.

"Shangazi, usimvute mguu. Ukivuta, naye anavuta."

"Nifanyeje basi, mwanangu?"

"Kunja nyonga kwanza. Halafu goti. Ngoja… umeona? Umelegea wenyewe."

Sekunde kumi zile zimeniokolea miaka. Mtoto anayekaza ukimkunja nyonga na magoti, mwili mzima hupunguza ubishi, na suruali inaingia.

*Uzito.* Ni njia inayokuwa ngumu mtoto akikua, hasa asiye na kiti cha magurudumu. Lakini hata ukiacha kwenda kila wiki, usiikate kabisa: eksirei ya nyonga, viatu vya vyuma, dawa za kifafa, barua ya tathmini ya kadi ya ulemavu, vyote mlango wake uko hapo.

*Mlezi.* Siku nzima inakwenda. Hata hivyo kwenye lile benchi ndipo nilipokutana na wenzangu wa kwanza, na hilo halina bei.

Inamfaa mtoto mdogo mwenye shida ya mwili, anayeishi mjini au karibu, na mzazi anayeanza tu na hajui ashike wapi.

Mtaalamu wa kuja nyumbani

Wako wanaofanya kazi hospitalini na jioni hutembelea watu majumbani, na viko vituo vya binafsi, zaidi Mombasa.

*Saa.* Saa nzima, mara moja au mbili kwa wiki, bila foleni. Mtoto hachoki na safari, kwa hiyo anafanya kazi akiwa na nguvu.

*Pesa.* Hii ndiyo njia iliyokaribia kutuvunja. Tulianza mara mbili kwa wiki kwa sababu kakangu alitumiwa bonasi. Miezi mitano baadaye bonasi ikawa hadithi, tukawa tunakopa kulipa, kisha tukasimama ghafla. Mtoto alikuwa ameanza kukaa mwenyewe kwenye mkeka. Tuliposimama, alirudi nyuma. Siku hizi mzazi akiniuliza namwambia: lipa kidogo unachoweza kulipa kwa miaka mitatu, usilipe kingi cha miezi mitano. Mara moja kwa mwezi isiyokatika, akija kukagua na kukuongezea zoezi jipya, ni mpango kamili, si wa kimasikini.

*Ujuzi.* Ubora wake mkubwa ni kwamba anaiona nyumba yenu. Binti wa okupesheno aliyekuja kwetu hakufungua mkoba wa vifaa. Alikaa jikoni, akauliza, "Shangazi, hapa mnafanya nini kila siku?" Nilikuwa nakuna nazi. Akamkalisha Mzee mbele yangu, mgongo umeegemea kifua changu, akamtia mikono ndani ya machicha yenye maji ya uvuguvugu. Ngumi zake, zilizokuwa zimefumbwa kama zinaficha sarafu, zikafunguka. Tangu siku hiyo tui la wali wa nyumba hii linakamuliwa na watu wawili. Linachelewa, na kifumbu humwagika mara moja moja, lakini ni mazoezi ya mikono yote miwili ambayo hatuwezi kuyasahau, maana lazima tule.

Huyo huyo alichukua kikombe cha plastiki, akakikata ukingo upande wa pua. Mtoto anakunywa bila kulaza kichwa nyuma, na asiyelaza kichwa nyuma hapaliwi ovyo. Nimewaonyesha kikombe hicho watu wasiopungua ishirini.

*Uzito.* Haileti shida. Anakuja yeye, hamuendi ninyi. *Mlezi.* Unapumua kwenye safari, lakini jihadhari na kukaa pembeni ukitazama simu. Mtaalamu anayekataa uwe chumbani, au asiyekuachia zoezi la wiki, umlipe siku hiyo na umuage kwa heshima. Muulize pia usajili wake. Mwenye taaluma haudhiki akiulizwa.

Inafaa nyumba yenye kipato cha kutegemewa, mtoto mzito kubebwa, au mwenye usonji ambaye kelele za kliniki humharibia siku nzima.

Kikundi cha wazazi na mazoezi ya nyumbani

*Saa.* Hapa ndipo saa zinapopatikana, kwa sababu mazoezi yanaingia ndani ya kuogesha, kulisha, kuvalisha. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye ulemavu wa ukuaji wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na Kenya ni mojawapo ya nchi yalikojaribiwa. Msingi wake ni kwamba mzazi wa kawaida, akifunzwa kucheza na kuzungumza na mtoto ndani ya shughuli za kila siku, anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa usonji hasa, jambo hili lina uzito kuliko vifaa.

*Pesa.* Kikundi chetu huchanga kidogo kila wiki, kama chama chochote. Mchango umewahi kununua mbao za kiti cha kona, na umewahi kumpeleka mtoto wa mwenzetu Mombasa kupimwa kiti cha magurudumu. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa 1958, kina tawi huko linaloshughulikia vifaa vya aina hiyo.

Kitu kimoja tulichojifunza kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Muyeye ni kutengeneza kiti kwa makaratasi. Maboksi ya duka yanabandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga wa muhogo, juu yake magazeti, kisha kinaachwa juani mpaka kikauke kikavu kweli. Kinambeba mtoto bila hata kutoa mlio. Adui yake ni mvua na mkojo, basi kipakwe rangi ya mafuta na kivalishwe kipande cha nailoni.

Na pwani yenyewe imetupa kiti cha bure. Maji yakipwa tunakwenda ufukweni Jumapili, tunachimba shimo mchangani, tunamkalisha Mzee hadi kiunoni na kumzungushia mchanga. Mchanga unamshika pande zote, mikono inabaki huru. Mara ya kwanza alikaa dakika arobaini akipigapiga matope, na watoto wa mtaa wa Shella wakamfanya mlinzi wa goli.

*Ujuzi.* Unabaki wote nyumbani. Lakini hapa pana hatari yake: kosa nalo linabaki nyumbani. Tuliwahi kumnyoosha mtoto mmoja misuli kwa nguvu kupita kiasi kwa sababu mmoja wetu "aliona kwenye video". Kikundi kisicho na mtaalamu wa kukitembelea hata mara moja kwa miezi mitatu ni kikundi cha kufarijiana. Kufarijiana ni kwema, ila si tiba.

*Uzito.* Inakwenda naye mpaka utu uzima. *Mlezi.* Hapa kikundi kinashinda kliniki na binafsi zote: mwenzako anakaa na mtoto wako saa mbili ukalale. Kwa upande mwingine, ukiwa peke yako, bila kikundi, mazoezi ya nyumbani yanaweza kukugeuza nesi wa mtoto wako mchana na usiku, na kila kikao ulichokosa kikawa dhambi. Wanaume nao waitwe. Kwetu baba mmoja tu huja, na ndiye aliyechonga viti vingi.

Inafaa karibu kila mtu kama nguzo ya pili. Kama nguzo ya pekee, inafaa walio mbali na hospitali, mradi mtoto amekwisha kupimwa na mtaalamu.

Kitengo maalumu au shule maalumu

Mlango wake ni vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanza Kenya mwaka 1984. Wao ndio humpima mtoto kielimu na kuandika barua ya kumpangia shule. Katika mtaala wa umilisi (CBC) kuna njia ya hatua kwa hatua kwa watoto wasioweza kufuata madarasa ya kawaida: wanafundishwa kujitegemea, kuwasiliana na kazi za mikono. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtoto haki ya elimu iliyochanganyika na jamii kadiri inavyomfaa, kwa hiyo shule ya mtaa ikikwambia "hapa hatuchukui watoto hawa", usiondoke kwa aibu. Rudi EARC.

*Saa.* Nyingi, siku tano, lakini nyingi zake ni za darasa na wenzake. Uliza kama kuna mtaalamu wa mazoezi anayefika shuleni, na mara ngapi. Kama hakuna, shule ni shule; mazoezi bado ni yako.

*Pesa.* Kutwa ni nauli na chakula. Bweni lina ada na orodha ya vitu ndefu kama ya bi harusi.

*Ujuzi.* Mtoto hupata kitu ambacho sisi wa nyumbani hatuwezi kumpa: wenzake. Mzee alijifunza kusema "lete" kwa sababu mwenzake alimnyang'anya mpira.

*Uzito.* Pima mlango wa choo kwa macho yako, na ngazi. *Mlezi.* Ukimpeleka kutwa, unapata asubuhi za kufanya kazi. Bweni linakupumzisha zaidi, na kwa familia nyingine ndilo pekee linalowezekana. Lakini nenda usiku, si siku ya wazazi. Tazama ni nani anayewageuza wasioweza kujigeuza, watoto wangapi kwa mlezi mmoja, na kama mtoto asiyesema ana njia ya kueleza kwamba ameumizwa. Mtoto wa miaka 4 au 5 mimi nisingempeleka bweni.

Inafaa mtoto aliyekwisha kupata msingi wa kula na kukaa, mwenye kupenda watu, na mlezi anayehitaji kurudi kazini.

Neno kwa walioko Lamu

Hesabu zenu ni tofauti. Kutoka kisiwani ni mashua hadi Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 200 za barabara kufika huku. Nimempokea mama kutoka huko aliyefika mtoto akiwa hoi, hata mazoezi yenyewe hayakuwezekana. Kwenu safari ya mbali iwe ya kupima na kujifunza, mara mbili au tatu kwa mwaka, mkikaa kwa jamaa siku kadhaa. Wiki za katikati mtumie mtaalamu video ya mtoto kwa simu, naye awarekebishe. Hospitali ya King Fahd ya hapo Lamu iwe ya dawa na dharura. Na kabla ya kugharamia kiti cha magurudumu, pimeni upana wa kichochoro chenu na urefu wa kizingiti. Punda ana haki ya njia, na mara nyingi anaitumia.

Kwa hali yako

Mtoto ana chini ya miaka 3 na ndiyo kwanza mmeambiwa: anza kliniki kila wiki kwa miezi michache huku ukijifunza kwa mikono yako, na utafute kikundi mwezi ule ule. Usingoje lijulikane jina la ugonjwa ndipo uanze. Asiyekaa bila kushikiliwa akifika miezi 9, au hajatembea baada ya mwaka na nusu, apelekwe kupimwa hata jirani akisema "wa kwetu pia alichelewa".

Ana usonji na nyumba ina kelele: mafunzo ya walezi pamoja na kitengo cha shule kwanza, mtaalamu wa kutembelea kama pesa ipo. Fizio si lazima.

Amekuwa mzito na mgongo wako umeanza kulalamika: punguza safari, mwite mtaalamu nyumbani mara moja kwa mwezi, weka nguvu zote kwenye kiti kizuri. Eksirei ya nyonga isiachwe.

Kipato hakieleweki: kliniki mara moja kwa mwezi na kikundi kila wiki. Chukua kadi ya ulemavu kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na uombe kuangaliwa kwa mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Huchelewa, na nyumba zilizo kwenye foleni ni nyingi, kwa hiyo usikope juu yake.

Mlezi ni mmoja na hajalala vizuri tangu mwaka jana: usiongeze zoezi hata moja. Tafuta kwanza mtu wa kumshika mtoto, au nafasi ya kutwa, hata kama mazoezi yatapungua kwa muhula mmoja.

Sisi sasa hivi tuko kwenye mchanganyiko: kitengo siku tano, kikundi Alhamisi, kliniki kila baada ya miezi mitatu, na tui kila siku. Jana fundi alikuja kupima kiti kipya, maana kile cha makaratasi magoti yameshapita ukingo. Alimpima Mzee kwa kamba ya mnazi, akafunga vifundo vitatu: nyonga, goti, kwapa. Mzee akaishika ile kamba, akakataa kuiachia.